Tundu dogo kwenye paa la kampa na dari imevimba, uanzie wapi

Swali limetoka kwa kaka mmoja anayeishi Columbus, Ohio. Kanunua kampa ya kuvutwa (kile kinyumba cha safari kinachofungwa nyuma ya gari) ya mwaka 2006 kutoka kwa jirani, paa lake la mpira mweupe, na upepo wa juzi juzi umeangusha tawi likatoboa. Anaandika: "Tundu lenyewe dogo tu, halifiki hata sarafu ya senti 25, ila ndani dari ina doa la rangi ya chai ukubwa wa sahani na pamevimba. Jamaa yangu ananiambia nipige silikoni juu, ndani nibandike kipande cha plaiwudi yaishe. Fundi mwingine anataka abadilishe paa zima. Nimsikilize nani? Nataka kusafiri na familia summer ijayo."

Kaka, pole kwa tawi na hongera kwa kampa. Kwa kifupi usimsikilize hata mmoja. Paa zima halibadilishwi kwa ajili ya tundu la senti 25, na silikoni naomba usiiguse kabisa, nitakuambia kwanini. Ila kwenye maelezo yako mimi tundu halinitishi, linalonitisha ni lile doa. Tundu dogo vile na doa la sahani nzima tena limevimba, maana yake maji yameshaingia ya kutosha na mengine mpaka sasa hivi yamekaa pale katikati, kati ya paa na dari, na ukiziba juu na chini leo unakuwa umeyafungia humo humo. Mbao zinaanza kuoza wewe unajua kazi imeisha, unakuja kushtuka mwakani mguu unazama ukipanda juu. Kwa hiyo mpangilio wako uwe huu: zuia mvua leo, fungua dari, kausha, rekebisha mbao, ziba paa, na dari ndo uifunge mwisho kabisa, hata kama mama watoto analalamika kwamba pale juu panatisha.

Kabla hujagusa kitu piga picha, juu na ndani, tawi lenyewe likiwepo kwenye picha kama bado lipo. Kama bima yako ni comprehensive (bima kubwa) basi kitu kuangukia kampa mara nyingi kimo ndani ya bima, waulize kwanza ndo uanze kukata.

Ya leo ni kufunika. Watu wanatupa turubai juu wanafunga kamba wanaondoka, na turubai likipigwa na upepo linasugua mpira siku nzima, yale matundu ya chuma ya pembeni yanakwangua, unaamka una matundu mengine. Ukiweka turubai weka taulo kuukuu au vipande vya zulia kwenye kona zote na pale linapogusa venti (tundu la hewa la paani lenye kifuniko) na AC (kiyoyozi), lifunge likaze lisipige pige, na pembeni acha hewa ipite. Tepu ile ya kijivu ya kufungia maboksi na mabomba usiibandike kwenye mpira, ikipigwa na jua inaacha gundi chafu ambayo kuitoa ni kazi, na juu ya hiyo gundi kiraka cha maana hakishiki.

Sasa uelewe unachokifungua. Kampa nyingi za Marekani za umri huo paa lake lina tabaka kama hivi: juu kabisa mpira wa unene wa milimita moja na kidogo, umegundishwa juu ya plaiwudi au OSB (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa), chini yake kuna kenchi nyembamba, yaani zile mbao zinazobeba paa, katikati ya kenchi na kenchi wamejaza pamba ya faibaglasi au foma, alafu dari yenyewe ni plaiwudi nyembamba sana, kama milimita 3 hivi, imebandikwa karatasi ya plastiki kwa ndani ipendeze. Hiyo plastiki ndo inakudanganya. Haipitishi maji, kwa hiyo maji yanakaa juu yake, pamba inalowa, plaiwudi inavimba, na wewe unakuja kuona doa maji yakiwa yameshasafiri mbali. Na yanasafiri kweli, kampa ikiwa imepaki imeinama kidogo tu maji yanafuata kenchi mpaka upande wa chini ndo yanatokea.

Ndo maana kitu cha kwanza nakutuma ukapime. Chukua tepu ya kupimia, ndani pima kutoka ukingo wa venti iliyo karibu mpaka katikati ya doa, kwenda mbele au nyuma na kwenda kushoto au kulia. Panda juu, pima kutoka ukingo ule ule wa venti ile ile mpaka kwenye tundu. Namba zikikaribiana, sawa, tawi ndo mwenye kosa. Zikipishana sana, mfano doa liko futi 3 kutoka kwenye tundu tena upande wa juu wa mwinamo, basi una vujo lingine la zamani ambalo halihusiani na tawi, na kwa kampa ya 2006 ningeanza kushuku ile gundi ya zamani inayozunguka venti na AC na zile skrubu za kwenye kona za mbele. Itazame kwa karibu, ukiona ina nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, au kidole kinaingia ukingoni, hapo maji yanapita. Wengi wanaziba tundu la tawi vizuri kabisa na dari inaendelea kulowa, wanabaki kulaumu kiraka.

Ukipanda juu usitembee moja kwa moja kwenye mpira. Tandika kipande kikubwa cha plaiwudi nene kigawe uzito wako kwenye kenchi kadhaa, na kama kampa yako haina ngazi nyuma inawezekana hawakukusudia mtu apande, fanya kazi kutoka kwenye ngazi ya pembeni. Ukiwa huko juu bonyeza kwa kiganja kuzunguka tundu, anzia mbali ukija karibu. Mbao nzima inakusukuma mkono, iliyooza inazama taratibu. Weka alama ya chaki pale ulaini unapoanzia, hiyo ndo saizi halisi ya tatizo lako, sio ile senti 25.

Haya ndani. Kata umeme kwanza, chomoa ule waya mkubwa wa nje, toa na nyaya za betri, na kama una sola juu ikate nayo, maana darini humo zinapita nyaya za taa za volti 12 na nyingine za volti 120 za AC na huwezi kuziona mpaka umefungua. Vaa maski ya N95 na miwani, pamba iliyolowa huwa na ukungu na ukiishusha inakumwagikia usoni. Kuzunguka uvimbe chora mraba kwa penseli, anza na kisu kikali cha kukatia kadibodi, kata taratibu kina cha ile plaiwudi tu, usiingize msumeno wa umeme ukazama mpaka kwenye nyaya. Endelea kupanua mraba mpaka ufike kwenye mbao kavu pande zote nne, na pande mbili zikiweza kuishia katikati ya upana wa kenchi itakusaidia wakati wa kurudisha. Najua inauma kukata dari ambayo doa lake ni sahani ukaishia na shimo la meza, lakini hicho kipande tayari kimekufa, plaiwudi ya milimita 3 ikishavimba hairudi.

Pamba yote iliyolowa itupe. Usijaribu kuianika uirudishe. Kisha acha pakae wazi, feni moja ipulize kuelekea juu, mashine ya kunyonya unyevu ikae chini yake, madirisha yafungwe mashine ikiwa inafanya kazi maana Ohio wakati wa joto hewa yenyewe imejaa maji. Hita usiiache ikiwaka peke yake humo ndani, kampa inashika moto haraka sana. Watu wananiuliza kukausha ni siku ngapi, mimi sikupi siku, nunua mita ya unyevu ile yenye pini mbili, sio ghali, choma kwenye kenchi na kwenye mbao ya juu ukiwa chini. Ikisoma zaidi ya asilimia 20 hapo bado kabisa, kuvu wanaoozesha mbao wanapenda hapo hapo, subiri ishuke chini ya 15 na ilingane na sehemu nyingine ya dari ambayo haikulowa. Palipoanza weusi ila mbao bado ngumu, ukichoma bisibisi haiingii, sugua ukungu utoke alafu pulizia dawa ya borati inayoyeyuka kwenye maji, iache ikauke. Bisibisi ikiingia kama kwenye keki hiyo mbao haina dawa, inatoka.

Mbao ya juu, ile iliyo chini ya mpira. Ikiwa imetoboka tu na kuzunguka ni ngumu, una bahati, chimba vipande vilivyovunjika, jaza epoksi ya mbao, ikishaiva isugue na msasa iwe sawasawa na uso, basi. Ikiwa laini kwa eneo la kiganja au zaidi ndo unakata mpira. Kata kwa mstari ulionyooka kama herufi U ufungue kama ukurasa, mpira ukishalowa huwa unaachia mbao wenyewe. Kata mbao mbovu mpaka kwenye kenchi, pembeni ambako hakuna kenchi funga kwa chini vipande vya mbao vya kushikilia, kisha weka plaiwudi mpya ya unene ule ule. Unene ule ule nasisitiza, pima kile ulichokitoa sehemu kavu, ikiwa tofauti hata milimita 2 unapata ngazi ndogo na mpira utakatika hapo hapo. Vichwa vya skrubu vizame kidogo, vijaze, msasa, futa vumbi lote, hata kijiwe kimoja kikibaki chini ya mpira kitatoboa siku moja. Rudisha ukurasa wa mpira na gundi ya maji inayotengenezwa kwa ajili ya mpira wa paa, usitumie gundi ya viatu.

Sasa kiraka, na kabla ya kiraka lazima ujue mpira wako ni upi. Kuna EPDM na kuna TPO, zote zinaweza kuwa nyeupe. EPDM ni laini kama tyubu, ukiisugua na kidole inaacha vumbi jeupe kama chaki, na ukiangalia kwenye ule ukingo uliochanwa na tawi kwa chini utaona nyeusi. TPO ni ngumu kidogo, inang'aa zaidi, chini yake sio nyeusi. Kwa mwaka 2006 nadhani utakuta EPDM lakini hakikisha kwa macho yako, tundu umeshapewa, litumie. Hii ni muhimu kwa sababu EPDM na mafuta ya petroli haviivani kabisa. Petroli, thina, mafuta ya taa, na ile lami nyeusi ya makopo wanayouza kwa ajili ya mapaa ya nyumba, vyote vinaufanya mpira uvimbe na kuachia mbao. Mtu anaenda dukani anaona kopo limeandikwa la paa, bei rahisi, anapaka, na hapo ndo fundi wa paa zima anapata kazi kweli.

Silikoni nayo shida yake ni nyingine. Haishiki vizuri kwenye EPDM, baada ya muda inabanduka ukingoni, na mbaya zaidi mabaki yake hayakubali kitu kingine kushika juu yake, hata silikoni mpya. Kwa hiyo ukiipiga leo hujatengeneza, umemharibia yule atakayekuja kutengeneza, na huyo ni wewe mwenyewe.

Unachohitaji ni tepu ya kuzibia paa, EternaBond ndo inajulikana zaidi, chukua ya inchi 6 kwa ajili ya tundu, ya inchi 4 itatosha kufuata mkato tu, na tyubu moja au mbili za gundi ya paa ya Dicor ile inayojitandaza yenyewe. Tepu hiyo ni ghali kidogo ila ndo kiraka chenyewe, Dicor ni ya kufunga kingo. Osha sehemu yote kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji, eneo kubwa kuliko kiraka, suuza, acha ikauke kabisa, rudia mpaka kitambaa cheupe ukipitisha kinatoka bila chaki. Chaki ndo adui, kiraka kikishika kwenye chaki kimeshika kwenye vumbi. Mwisho futa na spiriti ya isopropili iruke. Mpira uliopinda juu kuzunguka tundu ukate kwa mkasi ulale bapa.

Kata kiraka kizidi tundu, au kizidi mkato wako, angalau inchi 2 kila upande. Kona usiziache kali, zikate mviringo, kona kali ndo inayoanza kunyanyuka. Kama umekata ile U utahitaji vipande vya tepu kufuata mkato wote, na vikipishana, cha upande wa juu wa mwinamo kilalie cha chini, maji yapite juu yake. Hii tepu ikigusa imegusa, haisogei, kwa hiyo menya karatasi ya nyuma upande mmoja tu kama inchi 1, weka pale, hakikisha imenyooka, alafu endelea kumenya huku unabonyeza kutoka katikati kwenda nje. Kisha chukua rola ndogo ngumu, ya chuma au ya mpira mgumu, na kandamiza kila sehemu kwa nguvu, sio kupapasa. Ile gundi inaingia kwenye vinyweleo vya mpira kwa mgandamizo, usipoisukuma inakaa juu juu. Utaona mapovu ya hewa yanatoweka na tepu inachukua sura ya paa. Ukimaliza zungusha Dicor kwenye kingo zote, mstari upana wa kidole, itajitandaza yenyewe usiipake na kidole. Inashika ngozi baada ya saa chache, kuiva kabisa inaweza kufika mwezi, lakini mvua ya kesho yake haitaisumbua. Chagua siku kavu na yenye joto kiasi, baridi ikiwa kali Dicor inakuwa nzito haitiririki na tepu inakuwa ngumu. Na ukiwa na tyubu mkononi usishuke, ile gundi ya zamani ya venti yenye nyufa safisha na uipitie juu, kama ni Dicor ya zamani mpya inashika juu yake bila shida, kama mtu wa kabla yako alipiga silikoni itabidi uikwangue yote.



Kabla ya kufunga dari pima vujo. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine juu na hosi ya maji bila presha, anza upande wa chini wa mwinamo ukipanda taratibu, kila sehemu dakika kadhaa. Ukianza juu maji yanatiririka kila mahali hutajua yameingilia wapi. Na usitumie presha washa, inasukuma maji ndani hata kwenye paa lisilo na tundu. Dari ikiwa bado wazi hili ni rahisi sana, tone la kwanza utaliona kabla halijafika kwenye pamba mpya.

Dari sasa. Jaza foma ngumu ya unene ule ule badala ya pamba, haishiki maji. Kuzunguka shimo, kwa ndani ya ukingo, funga vipande vya mbao vya kama inchi 1 kwa 2 nusu ikiwa imefichwa nusu imetokeza, hapo ndo kipande kipya kitapumzika. Kuwa makini sana na urefu wa skrubu. Paa hizi huwa zimepinda, katikati kenchi ni nene na pembeni ni nyembamba, skrubu ndefu ya pembeni inatokeza juu na inatoboa mpira kutokea chini, umetengeneza tundu jipya kwa mkono wako. Pima kenchi pale pale unapofunga, uchukue skrubu fupi kuliko hapo, na pakiwa na wasiwasi tumia gundi ya ujenzi na ushikilie na ubao wa kusimamisha mpaka ikauke.

Kulinganisha ile karatasi ya plastiki ya 2006 usijisumbue, hata ukipata rangi yenyewe ya zamani imeshakuwa njano. Una njia mbili nzuri. Moja, weka kipande cha plaiwudi mpya kisha funika viungo kwa mabanzi membamba, na weka mabanzi mengine ya hivyo hivyo kila baada ya futi kadhaa kwenye dari nzima ionekane ndo mtindo wake. Mbili, paka dari yote rangi. Kama kuna doa limebaki kwenye dari ambayo ni ngumu na kavu, pitisha kwanza praima ya shelaki, mfano Zinsser BIN, rangi ya maji peke yake hata ukipaka mara tatu lile doa la chai linapenya linarudi. Kuna watu wanageuza tundu kuwa venti mpya ya inchi 14 kwa 14, ukubwa ambao ndo wa kawaida kwenye kampa, na kama tundu limeangukia katikati ya kenchi mbili na unahitaji feni bafuni au jikoni sio wazo baya, ila kwa mtu anayefanya mara ya kwanza mimi nisingependa, unabadilisha kiraka ambacho hakina kiungo na kitu chenye skrubu zaidi ya kumi kwenye mpira.

Kuhusu safari ya summer usiwe na wasiwasi, muda unao. Usije ukapitisha winter na maji humo ndani, yakiganda yanatanuka na kupasua vilivyobaki vizima, kwa hiyo hata ukikosa nafasi ya kumaliza dari sasa hivi, kiraka cha juu kiwe kimekamilika kabla ya baridi na dari ibaki wazi mpaka mwezi wa nne, haina tatizo lolote. Ukishafungua nitumie picha mbili, moja ya kenchi iliyo karibu kabisa na tundu na nyingine ya mita ikiwa imechomwa hapo hapo inasoma, nikuambie kama unakata mbao au unajaza epoksi.